Wiki mbili nafukua park ya Joburg kutafuta kitovu cha mwanangu, kumbe mashine nimeizuia mwenyewe

Wakuu, kwema humu?

Mimi ni wale wasomaji wa kimya kimya. Nyuzi zenu nazisoma kwenye teksi asubuhi nikienda kazini, nacheka peke yangu mpaka jirani anasogea. Leo naandika kwa sababu nimechoka, nina hasira, na hapa nyumbani sina tena wa kumlalamikia. Yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza. Anayeona natunga apite tu kwa amani.

Nianze mwanzo.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga. Joburg nina mwaka wa kumi na moja. Ni fundi friji, kazi yangu iko Fordsburg, na naishi Bellevue kwenye nyumba moja ya zamani iliyogawanywa vyumba mpaka stoo ina mpangaji. Uwanja wa nyumba wote ni zege, hakuna hata pa kupanda mchicha.

Mke wangu, mama Zuhura, ni wa Pangani. Binti yetu Zuhura amezaliwa hapa hapa.

Kitovu cha mtoto kilipoanguka, mama mkwe akawa anapiga simu kila siku kutoka Pangani na swali moja tu: "Mmekizika wapi?"

Kwa msiojua, kwetu kitovu hakitupwi. Kinazikwa nyumbani, mara nyingi chini ya mnazi, na hapo ndipo mtu atapaita kwao mpaka anaingia kaburini. Sasa mimi nikizike wapi? Nivunje zege la mwenye nyumba?

Nikaenda park. Sitaitaja, ila wanaokaa pande za Bellevue na Yeoville wataijua.

Nilikifunga kwenye kitambaa cheupe kama mama mkwe alivyoagiza. Halafu nikawaza mbwa. Watu pale wanatembeza mbwa asubuhi na jioni, na mbwa akinusa kitu anafukua. Nikatafuta kitu cha kukikinga, nikapata kopo tupu la dawa ya viatu, lile la bati la mviringo. Nikaliosha mara tatu, nikaliweka juani likauka, nikaweka kitovu humo na kufunika.

Kulikuwa na benchi la chuma. Nikahesabu hatua ishirini kutoka benchi kuelekea mti mkubwa, nikachimba kwa bisibisi ya kazini, nikafukia. Nikampigia mama mkwe nikamwambia tayari, nikapewa dua nzito.

La kopo sikumwambia mtu. Mke wangu alijua kitambaa cheupe, basi.

Miaka saba ikapita.

Mwaka huu hali mnaisikia. Watu wanapita mtaani na mabango, wageni warudi kwao. Spaza, kile kiduka cha mgeni pale kona yetu, mwenyewe kafunga kwa kuogopa. Siku moja Zuhura karudi shule akamuuliza mama yake kwao ni wapi. Kauliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia vizuri lakini kukijibu anakijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Mama yake akamwambia kwenu ni Pangani. Mtoto akauliza kama Pangani iko karibu na Durban.

Mama Zuhura hakula siku ile.

Kesho yake akaniambia ameamua. Anarudi na mtoto moja kwa moja, mimi nitafuata nikishaweka mambo sawa. Sikubisha, na mimi nilikuwa naogopa. Tukakata tiketi za basi, zikabaki wiki tatu.

Halafu akaja na sharti. Kitovu cha Zuhura kinaondoka nao. Mwanawe hawezi kukaa Pangani huku kitovu chake kiko kwa watu wanaomfukuza. Atakifukia mwenyewe chini ya mnazi wa mama yake, mtoto atulie.

"Si ulisema unapajua?" akaniuliza.

"Napajua," nikajibu.

Wakuu, mdomo uliponza kichwa. Ningesema sikumbuki vizuri, ningekuwa na amani yangu leo.

Jumamosi nikaenda park na kijiko cha bustani mfukoni. Nafika, benchi hakuna.

Sio limehamishwa. Limekatwa, limeenda kwa wanunuzi wa skrepa. Mnaoishi huku mnajua, chuma kikilala nje hakiamki. Wanang'oa mifuniko ya mitaro, nyaya za robot, yaani taa za barabarani, mageti, itakuwa benchi? Na majani yameota juu, huwezi jua lilisimama wapi. Miti mikubwa iko kama tisa, yote inafanana.

Nikasimama pale katikati ya park na kijiko changu nikajiona fala.

Kwenye mti wa kwanza nilichimba vishimo vitatu, askari wa park akaja. Akaniuliza natafuta nini, nikamwambia kitu cha mtoto. Akasema ukichimba, fukia na ukanyage, nisione shimo, na ukiharibu majani nakutoa. Haki yake. Lakini nikajua bila mashine sifiki popote.

Jumatatu nikamtafuta jamaa mmoja Fordsburg anayeuza vitu vya mtumba. Akanipa mashine ya kutafutia madini, ile ya fimbo yenye sahani chini na hedifoni. Akanionyesha kuiwasha. Akasema park zimejaa misumari, kwa hiyo akabonyeza sehemu moja akaniambia nimekuwekea ikatae chuma, usihangaike na takataka. Nikamshukuru sana. Nikamwona mtu mwema.

Shikeni hapo.

Nikaanza kwenda kila siku nikitoka kazini kabla jua halijazama, na wikiendi kutwa.

Jamani, ile park imetafutwa! Sikujua. Nilidhani mimi ndiye wa kwanza kuwa na akili hii. Jumamosi asubuhi nakuta wazee wa kizungu wanne na mashine za maana, wamejipanga kama wanapiga deki, wanaiangalia mashine yangu kwa huruma. Wana miaka wanapita pale. Wakiondoka wanakuja wengine. Kila kilichokuwa na thamani kilishaondoka zamani.

Kilichobaki ni vizibo vya alumini vya chupa za pombe.

Vizibo vya alumini, vile vipete vya kufungulia kopo la soda, na karatasi za fedha za kufungia nyama choma. Mashine inalia vizuri, sauti tamu kabisa, moyo unaruka, napiga magoti, nachimba, napata kipete cha soda. Nafukia, nakanyaga. Hatua mbili, inalia. Kizibo. Hatua moja. Karatasi ya nyama. Siku ya nne mfuko wangu wa suruali ulikuwa unalia kama njuga.

Na watu! Huwezi kuwa na ile mashine ukaachwa. Mmoja ananiuliza ni dhahabu? Mwingine ananifuata nyuma hatua kwa hatua, nikisimama anasimama. Kuna waumini wa kanzu nyeupe wanaosalia kona ya juu kila Jumapili, mama mmoja wao akaja kuniombea nipate ninachotafuta. Kwa kweli nilimjibu amina, lakini kwa hasira.

Nyumbani nako swali ni moja. "Umekipata?" Bado. "Si unapajua?" Napajua, ila park ni kubwa. "Ilikuwa ndogo wakati unakizika?"

Mwanamke wa Pangani hakutukani. Anakuuliza tu maswali.

Wiki ya pili ikaisha. Mizigo imeshafungwa, mabegi yako mlangoni, tunayaruka. Mimi usiku sipati usingizi, nasikia ile mashine masikioni.

Jumamosi ya pili tangu nipate mashine, nikakaa chini ya mti nimekata tamaa, hedifoni shingoni. Akaja jamaa mtu mzima, kavaa ovaroli, naye ana mashine yake, ya zamani kuliko yangu, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Akanisalimia kwa Kiswahili. Mkongo, wa Bukavu. Watu wanamwita Papa Bahati. Analinda magari Newtown, na jioni kabla ya zamu ya usiku anapita kwenye park.

"Ndugu, niko nakuangalia juma nzima," akasema. "Unapita, unapita. Unatafuta nini kwanza?"

Nilikuwa nimechoka kudanganya. Nikamwambia yote, kitovu, mke, tiketi, mpaka kopo. Yeye ndiye mtu wa kwanza kumwambia la kopo.

Hakucheka. Akasema hata kwao kinazikwa, chini ya mgomba. Akaomba mashine yangu, akaiangalia kioo, akaniangalia mimi.

"Ile kopo ya cirage, iko ya nini? Si iko ya chuma?"

"Bati," nikasema.

"Bati njo chuma, ndugu. Na machine umeifunga isisikie chuma. Sasa utaipata namna gani?"

Wakuu.

Mimi ni FUNDI FRIJI. Kila siku ya Mungu nashika shaba, alumini na bati. Sumaku ninayo kwenye sanduku la kazi. Nikipewa kipande cha chuma gizani nakwambia ni nini. Wiki mbili nzima nimepita na mashine juu ya kopo la mwanangu, inalisikia, na inanyamaza kwa heshima kwa sababu ndivyo nilivyoiamuru.

Nilitaka kuitupa kwenye mti.

Papa Bahati akanitoa kwenye hasira. Akasema nisilie, nishukuru. Wale wazee wote na mashine zao za maana, nao wameziambia zikatae chuma. Kila anayekuja pale anakataa chuma, maana anatafuta pete na sarafu. Kwa hiyo park imesafishwa kila kitu kikubwa isipokuwa chuma. Kama ningeweka kitovu kwenye kopo la alumini, kingeshachimbwa mwaka ule ule na kutupwa kwenye pipa.

Yule mtu alikuwa sahihi.

Akabonyeza, mashine ikafunguka masikio. Mama yangu! Kelele. Park nzima inaunguruma. Misumari, waya, vizibo vya bati vilivyooza kwa kutu, kila hatua inakoroma. Nikauliza sasa nitajuaje lipi ni kopo?

Akasema tusianze na kopo. Tuanze na benchi.

Mimi nikasema benchi liliibwa. Akasema waliiba la juu. Miguu ya benchi inafungwa kwa bolti ndani ya zege, na mwizi mwenye haraka hakati zege, anakata juu ya ardhi. Bolti ziko chini ya majani bado.

Tukapita taratibu kando ya njia ya miguu. Alinifundisha kwenda polepole, sahani isogee hatua ya mtoto. Baada ya kama saa nzima mashine ikapiga kelele nene, hatua mbili mbele ikapiga nyingine kama hiyo. Tukafunua majani. Zege, na bolti zimekatwa.

Nilikaa pale juu ya lile zege nikatazama mbele. Mti ukawa mmoja tu. Nikahesabu hatua ishirini, nikiwa mnene kidogo kuliko miaka ile, tukatafuta kwa kuzunguka. Kizibo. Msumari. Kizibo. Halafu mlio wa chini, mzito, wa duara.

Sikuchimba. Nikampigia mama Zuhura simu nikamwambia njooni, nimepata. Nilitaka aone mwenyewe kuwa napajua.

Wakaja na teksi, yeye na Zuhura. Papa Bahati akasogea pembeni kwa adabu, akajifanya anatafuta mambo yake.

Nikachimba kwa mikono. Kiganja kimoja tu kwenda chini, kopo likatokea.

"Nini hicho?" mke wangu akauliza.

Ikabidi niseme.

"Kitovu cha mwanangu? Kwenye dawa ya viatu?"

Nikamwambia nililiosha mara tatu. Papa Bahati kule aligeuka kabisa, mabega yanamtikisika.

Nikalinyanyua. Kopo halikuwa na chini. Kutu imelila lote, limebaki mfuniko na ukingo. Ndani udongo mweusi, na vimizizi vyembamba vya majani vimepita katikati. Kitambaa hakuna. Kitovu hakuna. Nikapekua kwa kidole, nikapekua tena, nikachekecha ule udongo kwenye kiganja mbele ya mke wangu kama mpumbavu. Udongo tu.

Wiki mbili, wakuu. Magoti yangu mpaka leo yanauma.

Mama Zuhura akachuchumaa. Nilidhani atanifokea, ningemshukuru angenifokea. Alilia bila sauti. Akasema ataufunga ule udongo kwenye pindo la kanga, utatosha. Kisha akasema hapana, ngoja nimuulize mama.

Kumbe hakuwahi kumuuliza! Mimi siku zote nilidhani sharti limetoka kwa mama mkwe. Alitaka akamshangaze.

Akapiga simu, akaweka spika. Akamweleza kwa kirefu.

"Mmefukua?" mama mkwe akauliza.

"Ndiyo mama."

"Nani kawatuma?"

Tukainamisha vichwa wote wawili kama watoto wa madrasa.

"Na mlitaraji kukuta nini baada ya miaka saba, nyama? Kitovu hakifukuliwi. Ardhi ikishakila, imekipokea, yamekwisha. Huo udongo msiniletee uwanjani kwangu. Rudisheni ulipotoka."

Mke wangu akasema, mama, lakini huku wanatufukuza. Wanasema twende kwetu.

"Nyie wawili ndio wanaowaambia. Nyie vyenu viko huku, vyenu navijua. Lakini huyo mtoto ardhi yao imekula kitovu chake. Wamfukuze aende wapi?"

Akatuambia mtoto amwage maji hapo mahali apajue, akatuuliza kama tutasafiri na nguo za baridi, akakata.

Nikarudisha udongo na mabaki ya kopo, nikafukia na kukanyaga kama askari alivyotaka. Zuhura alikuwa na chupa yake ya maji ya shule. Akamwaga yote. Akaniuliza hapa kuna nini, nikamwambia kuna kitu chako ulichokuwa nacho ulipozaliwa. Akasema sharp, yaani sawa, akaenda kuangalia mashine ya Papa Bahati.

Mama Zuhura alibaki amesimama akimtazama. Akaniambia: "Changu kiko Pangani, chako kiko Muheza. Yeye yuko hapa peke yake."

Safari haikuvunjika. Usalama ni usalama, na tiketi zilishakatwa. Juma lililopita nimewasindikiza mpaka stendi. Mama Zuhura alilia, mtoto hakulia, alikuwa na furaha ya basi kubwa. Wamefika salama. Nimetumiwa picha, Zuhura kasimama chini ya mnazi wa bibi yake, kakunja uso kwa jua, kama mgeni anayesubiri kuonyeshwa chumba.

Funzo langu? Kwanza, kuuliza si ujinga. Simu moja Pangani ingeniokoa wiki mbili za vizibo. Pili, kwa wanaotaka kuanza kutafuta kwenye park zilizokwisha kupekuliwa na watu, msikimbilie kukataa takataka. Mashine itanyamaza juu ya kitu chako mwenyewe, na utaona park haina kitu. Nendeni polepole, msikie kila mlio, na mfukie mashimo yenu.

La tatu sijui kama ni funzo. Nimerudi chumbani, kumetulia vibaya. Miaka yote nilikuwa nawaambia watu mimi hapa napita tu, kwetu Muheza. Sasa waliopita ni wao. Wameenda kwetu, na mimi ndiye nimebaki kwao Zuhura.

Jana nilipita pale na chupa ya maji. Askari akaniuliza leo mashine iko wapi, nikamwambia nimeiacha nyumbani.

Kwa mliozalia ugenini, vya watoto wenu mlivizika wapi? Au mlisafirisha? Mama mkwe wangu ana msimamo wake, lakini mkoa na mkoa una mila yake, nataka kusikia. Na mwenye shida na mashine used, anicheki inbox, ila mimi sikuwekei ikatae chuma.